Daftari la redio na robo saa ya Nairobi

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu mpya. Nataka kuwaeleza habari za daftari langu moja kuukuu, lile la shule ya msingi lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Limekaa kwenye droo ya meza yangu hapa Uthiru kwa miaka mingi. Ndani hamna hesabu wala insha. Mna mambo niliyoyasikia redioni yakanishangaza. Mwaka jana mstari mmoja wa daftari hilo, tena mstari niliouandika bila kuuelewa, ulitusaidia kazini kuliko digrii yangu ya sayansi ya kompyuta. Nitaeleza yote, lakini lazima nianze na babu.

Babu yangu alikuwa fundi cherehani Kangemi. Redio yake ilikaa juu ya kabati jikoni, betri zimeshikiliwa kwa raba, antena imevunjika ikaunganishwa na waya wa kuanikia nguo. Asubuhi ilikuwa Idhaa ya Taifa ya KBC. Jioni ilikuwa BBC, na BBC ikikoroma sana alihamia Deutsche Welle. Mimi nikirudi kutoka shule hakuniuliza nimefundishwa nini. Aliniuliza, "Leo dunia imesema nini?" Nisipokuwa na jambo jipya la kumpa, yeye alikuwa nalo tayari, kwa sababu alishinda na redio masikioni huku mguu uko kwenye pedali.

Nilipofika darasa la tano akaninunulia daftari hilo. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, niandike jambo siku ileile, kabla sijalala, kwa sababu jambo likilala huamka limebadilika. La pili, kando ya kila jambo niweke alama: tiki kama tumelihakikisha, alama ya kuuliza kama bado, na msalaba kama limeonekana ni la uongo. Kila nilipomsomea jambo alikuwa na swali lake moja: "Nani kasema, naye alijuaje?"

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Baadaye akanieleza alikolipata swali hilo. Asubuhi ya Jumapili tarehe 1 Agosti 1982 alifungua redio, wakati huo KBC ikiitwa Sauti ya Kenya, akasikia sauti ya Leonard Mambo Mbotela ikitangaza kwamba serikali imepinduliwa. Wasomaji wa Kenya hawahitaji kuelezwa Mbotela alikuwa nani. Kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilianza mwaka 1966, na watu wa rika la babu walijifunza adabu kutoka kwake mpaka uzeeni. Alifariki Februari 2025. Basi siku ile ya mapinduzi wanajeshi wa anga walikuwa wamemchukua kutoka nyumbani na kumlazimisha kutangaza. Siku hiyohiyo wanajeshi watiifu kwa serikali wakaikomboa stesheni, na sauti ileile ikatangaza kwamba serikali ingali imara. Babu alisema, "Mtu ni yule yule, redio ni ile ile, siku ni ile ile. Asubuhi alisema hivi na baadaye akasema vile. Tangu siku hiyo mimi siulizi tu redio imesema nini."

Hayo ndiyo malezi ya daftari langu. Sasa niwafungulie kurasa chache muonje.

Ukurasa wa kwanza kuna ugonjwa wa sotoka, ule uliofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuacha wafugaji na njaa. Redio ilisema sotoka ni ugonjwa wa pili katika historia kufutwa kabisa duniani, baada ya ndui ya binadamu. Nilikuwa kijana tu, mwaka 2011, dunia ilipotangazwa kuwa huru. Lakini kilichonifanya niache chakula ni jina la mahali: Muguga. Muguga iko huku kwetu magharibi mwa Nairobi, mbele ya Kikuyu kidogo tu. Chanjo iliyoushinda ugonjwa huo ilitengenezwa katika maabara ya Muguga, karibu mwaka 1960, na Walter Plowright na wenzake. Mwaka 1999 Plowright akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi hiyo. Na mara ya mwisho ugonjwa kuonekana popote ulimwenguni ilikuwa mwaka 2001, hapahapa Kenya, kwa nyati wa Mbuga ya Meru. Nimepita njia ya Muguga mara ngapi kwenda harusi na mazishi bila kujua? Tiki.

Ukurasa wa tatu kuna setilaiti inayoitwa Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei kutoka angani. Wamarekani waliiita Uhuru kwa sababu siku ya kurushwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, mwaka wa saba. Tiki.

Ukurasa wa sita kuna lile la ikweta. Kwamba ukimwaga maji kwenye beseni lenye tundu, kaskazini mwa mstari yanazunguka upande huu na kusini upande ule, na juu ya mstari wenyewe hayazunguki. Ukienda Nanyuki kuna watu wanakuonyesha kwa beseni na njiti ya kiberiti, hatua chache huku na huku. Msikilizaji mmoja alipiga simu redioni akaapa ameona kwa macho. Babu akauliza swali lake. Ilinichukua mpaka chuo kikuu kulijibu. Mzunguko wa dunia kweli hupinda pepo na dhoruba kubwa za bahari, lakini kwenye beseni nguvu hiyo ni ndogo mno. Kinachoamua ni jinsi maji yalivyomwagwa na umbo la beseni, na mwonyeshaji stadi huyazungusha atakavyo. Msalaba.

Ukurasa wa tisa ndio unaohusu kisa chetu, kwa hiyo mwushike vizuri. Redio ilisema kwamba mtu aliye Kisumu akisikiliza hotuba ya Nairobi kwa redio anaisikia mapema kuliko mtu aliyesimama nyuma kabisa kiwanjani. Tulibishana wiki nzima. Hesabu yake ni hii: sauti husafiri hewani karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 100 kutoka kwa msemaji husubiri karibu theluthi ya sekunde. Mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo Kisumu ni chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Aliye mbali anasikia kwanza. Tukaweka tiki.

Halafu kuna ukurasa wa kumi na nne. Nilikuwa darasa la saba. Mzee mmoja alikuwa mgeni wa kipindi, anasimulia habari za baba yake aliyekuwa karani wa reli. Nilichoandika ni hiki tu: "Zamani saa ya Nairobi ilikuwa saa mbili na dakika 45. Greenwich." Na kando, alama ya kuuliza.

Nilielewa nini? Hakuna. Sisi waswahili tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, kwa hiyo "saa mbili na dakika 45" akilini mwangu ilikuwa asubuhi, wakati wa somo la pili. Nilidhani labda kulikuwa na saa kubwa ya ukutani stesheni ya reli iliyoharibika ikasimama hapo. Nilimsomea babu. Akasema yeye hajasikia habari hiyo, tuiache na alama yake mpaka tumpate wa kutueleza. Hatukumpata. Mimi nikaenda sekondari, nikaenda chuo, nikasomea kompyuta. Babu alifariki mwaka 2021, na alama ya kuuliza ikabaki pale.

Sasa twende kazini.

Ninafanya kazi katika kampuni ndogo katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, mtaa wa nyuma wa Moi Avenue. Waandishi wa programu tuko watano, na mkubwa wetu ana miaka 34. Mwaka jana tulimtengenezea mteja mmoja mfumo wa kuwasajili upya wastaafu wanaolipwa pensheni. Kazi yenyewe si ngumu. Karani anaandika namba ya kitambulisho, jina na tarehe ya kuzaliwa. Mfumo unalinganisha na kumbukumbu za zamani. Zikilingana, malipo yanaendelea. Zisipolingana, malipo yanasimama mpaka mwenyewe afike ofisini na kitambulisho chake. Sharti hilo liliwekwa kuzuia wezi, na sisi tuliliona la busara.

Baada ya mwezi mmoja malalamiko yakaanza. Watu wanafika na vitambulisho halali, karani anaona kwa macho tarehe ni sawa, anaandika upya, mfumo unakataa. Jibu letu la kwanza, nakiri kwa aibu, lilikuwa kwamba makarani wanaandika vibaya. Tukawapelekea karatasi ya maelekezo. Jibu la pili lilikuwa kwamba kumbukumbu za zamani ni mbovu. Tukaandika barua pepe ndefu yenye adabu kueleza hivyo.

Kisha siku moja nikatumwa kwenye ofisi ya mteja nikakaa na karani kutwa nzima. Mchana akaingia nyanya mmoja, mkongojo mkononi, kitambulisho amekifunga kwa nailoni ndani ya leso. Alikuwa ametoka Kinoo kwa matatu. Ilikuwa mara yake ya tatu, na alikuwa hajalipwa miezi miwili. Kitambulisho kinasema amezaliwa tarehe 1 Januari 1940. Karani akaandika 1 Januari 1940 mbele yangu. Akabonyeza. Mfumo ukajibu: tarehe hazilingani. Akafungua rekodi iliyohifadhiwa sekunde hiyohiyo. Ikasomeka 31 Desemba 1939.

Nilimwambia, "Nyanya, samahani sana, mashine inasema ulizaliwa mwezi wa kumi na mbili."

Akanitazama. "Mwanangu, mimi mwenyewe sijui nilizaliwa mwezi gani. Mama yangu alisema ni mwaka ule, basi. Hiyo Januari nilipewa na karani wakati wa kuandikisha. Sasa nanyi mnataka kuninyang'anya?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa amesema jambo ambalo mimi, mtaalamu, sikulifikiria. Wazee wengi wanajua mwaka tu. Fomu ikidai siku na mwezi, karani anaandika tarehe 1 Januari. Kwa hiyo ukirudi nyuma siku moja tu kutoka hapo, hukupoteza siku, umepoteza mwaka. Na mwaka usipolingana mzee anaonekana mwongo.

Nilirudi ofisini Moi Avenue nikiwa na jambo moja mkononi: kasoro ni yetu. Lakini iko wapi? Nikajaribu tarehe yangu ya kuzaliwa. Sawa. Tarehe za wenzangu wanne. Sawa. Sote tulizaliwa miaka ya 1990, na kwa miezi yote ya majaribio tulikuwa tumejaribu mfumo kwa tarehe zetu wenyewe! Nikaenda kwenye intaneti kuuliza kwa nini tarehe inarudi nyuma siku moja. Majibu ni maelfu, na karibu yote yanasema jambo moja: seva yako imewekwa saa za London badala ya saa za kwenu. Seva yetu ilikuwa imewekwa saa za Nairobi tangu siku ya kwanza. Na hata kama ingekuwa London, kila mtu angeathirika, kijana na mzee. Kwa nini wazee tu?

Siku tatu tukakuna vichwa.

Jioni ya siku ya tatu nilikuwa nyumbani Uthiru. Redio ya babu bado ninayo, nimeibadilishia antena. Ilikuwa inazungumza pale juu ya kabati, na simu yangu mezani ilikuwa inacheza stesheni ileile kwa njia ya intaneti, maana nilikuwa nimeisahau baada ya kushuka kwenye matatu. Ikafika saa mbili kamili usiku. Redio ikatoa ile milio ya kutambulisha saa. Nikasimama nikisubiri. Zaidi ya sekunde kumi zikapita kabla simu nayo haijatoa milio ileile, kwa heshima zote, kana kwamba ndiyo saa mbili inafika.

Nikacheka peke yangu, nikakumbuka ukurasa wa tisa. Mtu wa Kisumu husikia kwanza, ndiyo, lakini kama ana redio. Akiwa na simu ya intaneti, hotuba inakatwa vipande, inahifadhiwa kidogo huku na kidogo kule ili isikwame, na yule wa nyuma kiwanjani anamshinda kwa mbali. Nikatoa daftari kwenye droo ili niongeze sharti hilo kando ya tiki. Na katika kufunua, macho yakaangukia ukurasa wa kumi na nne.

"Zamani saa ya Nairobi ilikuwa saa mbili na dakika 45. Greenwich."

Jamani. Nilikaa chini.

Haikuwa saa ya ukutani. Yule mzee hakusema saa ngapi ilikuwa, alisema tofauti! Nairobi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Leo tuko mbele kwa saa tatu kamili. Kati ya hiyo ya zamani na hii ya leo kuna robo saa. Na ukimchukua mtu aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1940, saa sita kamili usiku kwa hesabu ya leo, ukampunguzia robo saa, unampeleka saa sita kasorobo usiku wa 31 Desemba 1939.

Niwaeleze kwa ufupi kinachotokea ndani ya mashine. Kompyuta nyingi hazihifadhi wakati kwa siku na miezi. Zinahesabu sekunde kutoka mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich, na vya kabla ya hapo ni namba hasi. Wakati wa kuonyesha, zinageuza namba hiyo kuwa saa za mahali. Ili zijue saa za kila mahali zinatumia mkusanyo mmoja wa mafaili uliomo karibu katika kila seva na simu duniani. Ulianzishwa miaka ya 1980 na Arthur David Olson, na kwa miaka mingi umetunzwa na Paul Eggert pamoja na watu wa kujitolea. Ndani yake kuna mstari unaoitwa Africa/Nairobi, nao unakumbuka kila mara serikali ilipogeuza saa zetu.

Usiku huo nikaufungua. Mpaka Mei 1908 Nairobi ilihesabiwa kwa jua lake yenyewe, saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. Kuanzia hapo ikawa saa mbili na nusu. Katikati ya 1928 ikawa saa tatu. Mapema Januari 1930 ikarudishwa saa mbili na nusu. Mwanzoni mwa 1937 ikawa saa mbili na dakika 45, robo saa ya yule mzee. Na usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 1942 ikawa saa tatu, ambayo tunayo mpaka leo.

Kasoro yetu ilikuwa hivi. Programu ya kuandikia tarehe iligeuza tarehe ya kuzaliwa kuwa sekunde kwa kutumia saa tatu daima, kama kwamba Nairobi haikuwahi kubadilika. Programu ya kusoma ilitumia mafaili haya yenye historia. Kwa waliozaliwa baada ya Julai 1942 zote mbili zinasema sawa. Kwa waliotangulia, moja inasema saa sita usiku na nyingine inasema siku haijaisha.

Nikataka kujaribu. Nilihitaji tarehe ya mtu mzee ninayemjua, na tarehe ikaja yenyewe. Kitambulisho cha babu kilisema 1 Januari 1938. Nikaiandika. Kompyuta yangu ikajibu: 31 Desemba 1937, saa sita kasorobo usiku. Nikaitazama kwa muda. Kama babu angekuwa hai na angekuwa anapokea pensheni hiyo, mfumo niliouandika mimi ungemkatalia.

Asubuhi nikakimbia mjini kuwaonyesha wenzangu kwenye seva ya mteja. Nikaandika tarehe ileile. Ikajibu: 31 Desemba 1937, saa tano na nusu usiku. Nusu! Kompyuta yangu robo, seva nusu. Wenzangu wakanitazama kama mtu aliyeshindwa kuchinja kuku wa harusi.

Hapo ndipo swali la babu lilipofanya kazi. Nani kasema, naye alijuaje? Tukalinganisha mafaili na kugundua kwamba seva ya mteja ilikuwa na toleo la zamani, halijasasishwa kwa miaka. Matoleo ya zamani yalisema Nairobi ilikuwa saa mbili na nusu kutoka 1930 hadi 1940, kisha saa mbili na dakika 45 mpaka mwaka 1960. Baadaye watunzaji walirudi kwenye Gazeti Rasmi la Serikali ya kikoloni, ambamo amri za saa zilichapishwa, wakasahihisha. Kwa hiyo kwenye seva ile hata mtu aliyezaliwa 1 Januari 1955 alikuwa anarudishwa nyuma mwaka mmoja, kwa sababu ya robo saa iliyokuwa imefutwa tangu 1942. Mkusanyo unaoaminiwa na dunia nzima ulikuwa umekosea, na ungebaki umekosea kama mtu asingeuliza alijuaje.

Na kwa ndugu zetu wa Tanzania na Uganda, msicheke. Katika mafaili ya kawaida ya siku hizi, Dar es Salaam na Kampala zimefungwa kwenye mstari wa Nairobi, kwa sababu tangu 1970 saa zetu ni moja. Mzee wa Dodoma aliyezaliwa 1940 anaweza kupunguzwa robo saa ya Nairobi hata kama hajawahi kuvuka Namanga.

Marekebisho hayakuchukua hata siku moja. Tuliacha kuihifadhi tarehe ya kuzaliwa kama sekunde. Tarehe ya kuzaliwa si nukta ya wakati. Ni maneno matatu yaliyoandikwa kwenye kitambulisho, siku, mwezi na mwaka, na kazi ya kompyuta ni kuyatunza kama yalivyo. Tukasahihisha rekodi zote, tukasasisha seva, tukaandika barua nyingine ya kuomba radhi kwa makarani. Hiyo haikuwa ndefu.

Tukaomba mteja aturuhusu kuwapigia simu wazee waliosimamishiwa malipo, mmoja mmoja. Yule nyanya wa Kinoo nilimpigia mimi. Nikamweleza kwamba pesa zake zitaingia, na kwa kuwa aliuliza kosa lilikuwa nini, nikamweleza habari ya saa za zamani kadiri nilivyoweza. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kwa hiyo mkoloni alininyima robo saa?"

Nikamwambia ndiyo, nyanya. Na sisi tukakunyima miezi miwili.

Akacheka, lakini sikusikia kama amesamehe.

Tangu hapo nimekuwa nikifikiri kwa nini ninaendelea na daftari hili wakati simu yangu inaweza kunijibu lolote. Naona ni hivi. Intaneti hujibu ulichouliza. Kwa siku tatu niliiuliza swali lisilo sahihi, nayo ikanijibu vizuri sana swali lisilo sahihi. Mstari wa Africa/Nairobi ulikuwa ndani ya kompyuta yangu siku zote hizo, hatua moja kutoka kwenye vidole vyangu, na sikuufungua kwa sababu sikujua kuna kitu cha kutafuta. Redio haingoji uulize. Inakueleza habari za karani wa reli wakati unakula ugali, hujaomba, huna haja nayo, na inakaa.

Lakini redio peke yake isingetosha. Kama nisingeandika siku ileile, ningesahau. Kama ningeweka tiki bila kuhakikisha, nisingeirudia. Ile alama ya kuuliza ndiyo iliyoufanya mstari usubiri.

Basi ukitaka kuanza daftari lako, masharti ni yale mawili ya fundi cherehani wa Kangemi. Andika siku ileile hata kama huelewi, na uweke alama. Na kama nyumbani kuna mzee, muulize tarehe yake ya kuzaliwa aliipataje. Kama wewe ni mwandishi wa programu, iandike hiyo tarehe kwenye mfumo wako leo kabla ya kulala, uone itatoka vipi.

Ukurasa wa kumi na nne sasa una tiki, na kando yake miaka: 1937 hadi 1942. Daftari limebakiwa na kurasa nne tupu.